Nitajuaje kama swali langu la tiba kweli halijajibiwa? (Dripu kwa watoto wenye homa na shoki)

Umahiri_Watoto aliuliza:

Wakuu, habari za kazi. Naandaa protokali ya tasnifu ya umahiri, idara ya watoto, hospitali ya rufaa ya mkoa isiyo na ICU ya watoto. Swali langu: mtoto wa miezi 2 hadi miaka 12 mwenye homa na dalili za shoki (damu kutozunguka vya kutosha mwilini), je, salaini 0.9% (dripu ya maji ya chumvi) kiasi cha 10 ml/kg kwa saa 1 ni bora kuliko 20 ml/kg kwa dakika 30? Nimepanga watoto 60 kila kundi, miezi 8 ya kukusanya data. Tokeo kuu ni shoki kutoweka ndani ya saa 1: mapigo kushuka, mikono na miguu kupata joto, damu kurudi kwenye kucha iliyobonyezwa chini ya sekunde 3.

Msimamizi ameniuliza kitu kimoja tu: "Una uhakika gani kwamba hili halijajibiwa?" Nimepekua PubMed (hifadhidata ya makala za tiba) na sikukuta jaribio linalofanana na langu moja kwa moja. Hiyo inatosha? Na kama haitoshi, nianzie wapi?

Mapitio_Kwanza alijibu:

Haitoshi, Dokta. Kutokukuta utafiti unaofanana na wako ni jambo moja, na swali kuwa halijajibiwa ni jambo jingine. Swali la tiba huhesabika halijajibiwa pale ambapo mapitio ya kimfumo yaliyo ya karibuni yameshakusanya majaribio yote yanayohusika na bado hayatoi jibu la kutegemewa, au pale ambapo mapitio hayo hayapo kabisa. Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kutafuta mapitio, kisha majaribio mojamoja.

Utafutaji uende hivi. Ligawe swali vipande vinne: nani (mtoto mwenye homa na shoki, mahali pasipo na mashine ya kupumulia), tiba gani, inalinganishwa na nini, na tokeo gani. Katika kutafuta tumia vipande viwili vya kwanza tu. Ukiongeza la tokeo unapoteza tafiti nyingi, kwa sababu mara nyingi muhtasari hautaji matokeo yote yaliyopimwa. Kwa kila kipande andika visawe vyote vya Kiingereza ukiviunganisha kwa OR, kisha vipande viwili uviunganishe kwa AND. Anza Cochrane Library (maktaba ya mapitio ya kimfumo), ifuate PubMed. Makala zilizofungwa jaribu HINARI (mpango wa WHO wa kuzifungulia nchi zenye kipato kidogo) kupitia maktaba ya chuo.

Baada ya hapo nenda kwenye sajili, na hapa ndipo wengi huishia njiani. PROSPERO inaonyesha mapitio ambayo watu wameanza kuyaandika. PACTR ni sajili ya majaribio ya Afrika, iko Cape Town. ICTRP ya WHO hukusanya sajili za nchi mbalimbali mahali pamoja. Jaribio likiwa "linaendelea", soma tarehe ya mwisho ya kusajili washiriki. Likiwa limekwisha miaka mingi na hakuna makala, waandikie watafiti: matokeo yaliyofungiwa kabatini ndiyo yanayofanya swali lililojibiwa lionekane bado liko wazi.

Rudia utafutaji wote wiki unayowasilisha protokali. Mfano wa karibu: FEAST, jaribio kubwa la dripu ya kasi kwa watoto wa Afrika wenye homa na shoki, haikuhusisha watoto wenye utapiamlo mkali wala wa kuhara, na kwa muda mrefu kila aliyetaja pengo hilo alikuwa sahihi. Mwaka 2025 yalitoka matokeo ya GASTROSAM kuhusu kuwarudishia maji watoto wenye utapiamlo mkali wanaoharisha, yakilinganisha dripu na maji ya kunywa. Anayenakili aya ya zamani ya "hakuna utafiti" leo anaandika jambo ambalo si kweli tena.

Kilifi_hadi_Mbale alijibu:

Naongezea kuhusu FEAST yenyewe, maana swali lako limekaa juu yake na hukuitaja.

Ilifanyika Kenya, Uganda na Tanzania (kituo cha Tanzania kilikuwa Muheza), ikiongozwa na Kathryn Maitland wa Kilifi, na ilichapishwa 2011. Watoto wenye homa kali, fahamu zilizopungua au kupumua kwa shida, na dalili za mzunguko hafifu wa damu waligawanywa kwa bahati nasibu: albumini (protini ya damu) kwa kasi, salaini kwa kasi, au bila maji ya kasi, yaani dripu ya kawaida ya mahitaji tu. Kiasi kilianza 20 ml/kg, baadaye kikapandishwa hadi 40. Walilenga watoto 3600, kamati ya kusimamia usalama ikasimamisha walipofika 3141. Vifo ndani ya saa 48 vilikuwa 10.6% kwa albumini, 10.5% kwa salaini, na 7.3% kwa wasiopewa maji ya kasi. Ni zaidi ya vifo 3 vya ziada kwa kila watoto 100 waliopewa tiba ambayo miongozo mingi wakati huo iliiona ya lazima.

Sasa tazama tokeo lako kuu. Uchambuzi uliofuata, 2013, uliangalia shoki kutoweka saa 1 baada ya kuanza: ilitoweka kwa 43% ya waliopewa maji ya kasi na 32% ya wasiopewa. Kundi lililochangamka haraka ndilo lililokufa zaidi, na vifo vya ziada vilitokana hasa na moyo na mzunguko wa damu kushindwa, si mapafu kujaa maji kama wengi walivyotarajia. Kwa hiyo ukitumia tokeo lako, jaribio lako lingeweza kutangaza mshindi tiba inayoua. Kwa swali hili kipimo hicho kimeshathibitika kupotosha. Tokeo liwe kifo, saa 48 na siku 28.

Kilichobaki wazi ni nini? Mwongozo wa WHO wa 2016 unataka dalili zote tatu ziwepo pamoja ndipo iitwe shoki: viungo vya baridi, damu kurudi kwenye kucha kwa zaidi ya sekunde 3, na mapigo dhaifu ya haraka. Kwa hao unaruhusu 10 hadi 20 ml/kg kwa dakika 30 hadi 60. Ndani ya FEAST waliotimiza kigezo hicho walikuwa 65 tu. Walikufa 24 kati ya 50 waliopewa maji ya kasi, na 3 kati ya 15 wasiopewa. Hatari ni mara 2.4, lakini wigo wa uhakika wa 95% (eneo ambamo hatari ya kweli huenda ipo) unaanzia 0.84 hadi 6.88, yaani unajumuisha 1, kutokuwa na tofauti. Hapo hakuna jibu. Namba zinaelekea upande wa madhara, mwongozo unaruhusu, na watoto wenyewe ni wachache. Hili ndilo swali halisi ambalo halijajibiwa, na linakugusa moja kwa moja, kwa sababu makundi yako yote mawili yanapata maji. Huna kundi la wasiopewa.

Kwa watu wazima usitegemee wokovu pia. Jaribio la Lusaka lililotoka 2017, wagonjwa 212 wenye sepsisi (mwili kuzidiwa na maambukizi) na presha ya chini, wengi wao wenye VVU, lilikuta vifo hospitalini 48.1% kwa waliofuata utaratibu wa maji mengi na dawa za kupandisha presha, dhidi ya 33.0% kwa huduma ya kawaida.

Umahiri_Watoto:

Asanteni sana. Hiyo 43 kwa 32 sikuwa naifahamu, nabadilisha tokeo kuwa kifo saa 48. Ila watoto 60 kila kundi naona nitaweza kuwapata. Si bora ushahidi mdogo kuliko kukosa kabisa?

Takwimu_Tanga alijibu:

Piga hesabu kwanza. Chukua vifo 10% kundi moja na 7% jingine, uwezo wa 80% (nafasi ya kuiona tofauti ikiwa ipo), kosa la 5% pande mbili (nafasi ya kuona tofauti isiyokuwepo):

n = 7.84 × (0.10×0.90 + 0.07×0.93) ÷ 0.03²

Unapata 1351 kila kundi, 2702 jumla. Ongeza 5% ya watakaopotea kwenye ufuatiliaji, unafika takriban 2845. Ukitaka uwezo wa 90%, badilisha 7.84 iwe 10.5, kila kundi litazidi 1800.

Sasa weka 60 kwa 60. Tuseme wamekufa 6 huku na 4 kule. Tofauti ni 3.3%, na wigo wa 95% unaanzia kasoro 6.5% hadi 13.2%. Yaani matokeo yako yanakubaliana na tiba inayookoa watoto 13 kati ya 100, na pia na tiba inayoua 6. Hatari iko kwenye sentensi itakayoandikwa mwisho: "hakukuwa na tofauti". Msomaji atasoma "ni sawasawa", na wodi fulani itaendelea kumimina 20 ml/kg kwa kujiamini. Kushindwa kuona tofauti si uthibitisho kwamba haipo. Andika wigo, usiandike thamani ya p peke yake.

Ukibana washiriki wawe wa shoki ya vigezo vyote vitatu, vifo ni vingi zaidi, kwa hiyo sampuli inashuka: 40% dhidi ya 30% inahitaji 353 kila kundi. Lakini watoto hao ni adimu. Hospitali moja haiwezi kuwapata kwa miezi 8, hizo ni hospitali nyingi na miaka.

Kuhusu "bora ushahidi mdogo": ungekuwa sahihi kama ungekuwa umepangwa tangu mwanzo kuunganishwa na mingine, kwa vigezo vilevile na tokeo lilelile. Ukiwa peke yake, unamgawa mtoto mahututi kwa bahati nasibu kwa faida ambayo hesabu inasema haitapatikana. Kamati ya maadili makini itaiona.

Sista_Triaji alijibu:

Mdogo wangu, kabla ya takwimu angalia kama makundi yako yanawezekana kitandani. Mtoto wa kilo 12. Kundi la kwanza ni 120 ml kwa saa 1. Kwa seti ya matone 20 kwa ml hayo ni matone 40 kwa dakika, yanahesabika. Kundi la pili ni 240 ml kwa dakika 30, matone 160 kwa dakika. Hakuna anayehesabu matone 160. Muuguzi atafungua rola yote na kuondoka kwenda kwa mtoto mwingine. Ukitumia bureti ya matone 60 kwa ml ndiyo mbaya zaidi, maana yanakuwa 480. Na kama imetundikwa chupa ya 500 ml moja kwa moja ikaisha, huyo mtoto amepata karibu 42 ml/kg. Upande wa pili, kanula ya njano (nyembamba) kwenye mshipa uliolala haipitishi kasi hiyo hata ukifungua yote. Mwisho wa siku kundi la 10 na kundi la 20 yanakaribiana, na hujui.

Inayofanya kazi ni bomba la sindano la 50 ml na koki ya njia tatu: unavuta na kusukuma, kila bomba linaandikwa saa na kiasi. Inahitaji mtu mmoja asiyeondoka kwa nusu saa. Zamu ya usiku mtu huyo hayupo, na watoto wengi mahututi huingia usiku.

Dalili nazo. Mmoja anabonyeza kucha ya kidole gumba sekunde 3, mwingine 5. Mmoja anahesabu kichwani, mwingine kwa saa. Mtoto katoka kwenye pikipiki alfajiri mkono wa baridi, mnaita shoki. Kwa kigezo cha "zaidi ya sekunde 3", tofauti ya sekunde moja ndiyo inayoamua mtoto anaingia au haingii.

Kilifi_hadi_Mbale alijibu:

Sista amekupa tasnifu, Dokta. Kwa miezi 8 na hospitali moja unaweza kufanya mambo ambayo jaribio kubwa litayahitaji na hakuna aliyeyapima hapo kwenu:

Daftari la uchunguzi wa wote wanaofika na homa, wangapi wana dalili moja, mbili, zote tatu. Kiasi cha maji kilichoandikwa na daktari dhidi ya kilichoingia kweli, kwa kupima chupa saa 1, 4 na 8. Ulinganifu wa wapimaji wawili, kila mmoja asijue jibu la mwenzake, kila dalili na kapa yake (kipimo cha wapimaji kukubaliana). Na vifo saa 48. Pia hemoglobini kabla ya maji, kwa sababu mwenye upungufu mkubwa wa damu anahitaji damu, si salaini. Ndani ya FEAST karibu theluthi walikuwa chini ya 5 g/dl.

Hapo hujamgawa mtu, kwa hiyo njia yako ni fupi: kamati ya chuo na ya hospitali, na kama inahitajika NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba). Ukishika njia ya kugawa kwa bahati nasibu inaingia TMDA (mamlaka ya dawa na vifaa tiba), bima ya washiriki, usajili PACTR kabla ya mshiriki wa kwanza, na utaratibu wa ridhaa ya dharura kama ule wa FEAST: mlezi anakubali kwa mdomo kwanza, maelezo kamili na sahihi baadaye mtoto akitulia. Kwa wenzetu wa Kenya ni NACOSTI (tume ya taifa ya sayansi na teknolojia) na Bodi ya Dawa na Sumu.

Mapitio_Kwanza alijibu:

Ongeza wazazi kwenye orodha hiyo. James Lind Alliance ya Uingereza, iliyoanza 2004, huweka meza moja wagonjwa, walezi na watoa huduma, wakapanga maswali yasiyojibiwa kwa umuhimu hadi yabaki 10. Huhitaji fedha nyingi kuiga: walezi 10 hadi 12 wa watoto waliowahi kulazwa mahututi, wauguzi, matabibu wa vituo vya afya wanaowaletea rufaa. Waulize wangetaka kujua nini kuhusu tiba aliyopewa mtoto. Majibu yote uyapitishe kwenye utafutaji niliosema juu, uone lipi lina jibu tayari na halijafika wodini. Hayo yenye jibu yapeleke kwenye mafunzo ya wafanyakazi, usiyafanyie utafiti upya.

Umahiri_Watoto:

Nimeelewa, nabadilisha. Kwenye daftari la uchunguzi, mtoto aliyefariki mapokezi kabla hatujampima dalili zote namweka wapi? Nilitaka kumwacha kwa kuwa data haijakamilika.

Takwimu_Tanga alijibu:

Usimwache. Mpe safu yake: saa ya kufika, saa ya kufariki, dalili zilizopimwa na zisizopimwa, maji yaliyoingia. Hao ndio wenye shoki kali kuliko wote. Ukiwatoa, vifo vyako vitaonekana vichache kuliko vilivyo, na atakayekokotoa sampuli ya jaribio la hospitali nyingi kwa namba zako atakosea tangu mstari wa kwanza.