Naomba ushauri: kumpeleka Mzee wetu kwenye Uwanja wa Katiba, Kampala

Mwana wa Tororo: Salamu kwenu nyote. Mzee wetu, aliyekwisha kupita miaka 80, anataka kuuona Uwanja wa Katiba, ule ambao wengi tumezoea kuuita City Square, na ametaka iwe mwezi huu wa Oktoba. Naomba kujua ni saa ngapi panafaa kwa mtu anayetembea kwa mkongojo, na kama askari huwaacha watu waingie bila maswali. Jambo hili limeninyima usingizi.

Dereva Mstaafu: Nendeni Jumapili asubuhi, magari yakiwa machache. Msishukie kwenye stendi ya zamani ya teksi, maana kutoka kule hadi Kampala Road ni kupanda mlima huku mkisukumana na wachuuzi. Mzee ashushwe karibu na Mahakama Kuu, inayotazamana na uwanja huo. Mimi niliwahi kumbeba mzee aliyeniomba nisimame mbele ya mahakama hiyo kwa sababu ndipo kesi ya shamba lake ilipoamuliwa. Abiria walinung'unika, lakini aliutazama mlango ule kwa namna ambayo hata mimi sikuthubutu kumharakisha.

Bi Mariamu: Kwa nini msimpeleke kwenye Mnara wa Uhuru, kando ya bustani za Sheraton? Ile sanamu ya Gregory Maloba, ya mama aliyefungwa vitambaa mwilini akimwinua mtoto mwenye mikono iliyonyooshwa juu, inamgusa kila mwenye moyo. Vijana wa leo hupiga picha pale bila hata kuuliza imesimama kwa ajili ya nini, na sisi wazazi ndio tuliowaacha wakue hivyo.

Wakili Kijana: Ndugu, mzee mmoja mwenye mkongojo hamnyimi mtu usingizi. Mtakuwa wangapi, na mtabeba nini?

Mwana wa Tororo: Tutakuwa ukoo mzima, basi moja limejaa. Tutavaa fulana za rangi moja zenye picha ya Mzee, tutakuwa na bango, pia kipaza sauti kidogo ili awasimulie wajukuu habari za uhuru. Basi limekwisha kulipiwa na fulana zimekwisha kuchapishwa. Hii si siasa, ni shughuli ya familia, na Ibara ya 29 ya Katiba ya 1995 inatupa haki ya kukusanyika kwa amani.

Wakili Kijana: Haki hiyo mnayo, tena Machi 2020 Mahakama ya Katiba ilifuta kifungu cha Sheria ya Kusimamia Utulivu wa Umma ya 2013 kilichowapa polisi uwezo wa kuzuia mikutano, na sheria hiyo yenyewe haihesabu shughuli za kijamii kuwa mikutano ya hadhara. Lakini askari wa zamu hatasoma hukumu. Ataona rangi moja, bango na kipaza sauti, katika uwanja ambao ulilindwa vikali tangu watu walipoandamana kwa kutembea kwenda kazini mwaka 2011. Kituo Kikuu cha Polisi kiko jirani. Pelekeni barua mapema, ili Mzee asije akahojiwa mbele ya wajukuu wake.

Msoma Historia: Nina shaka na habari hii yote. Bendera ya Uingereza iliteremshwa kwenye kilima cha Kololo, usiku wa kuamkia tarehe 9 Oktoba 1962, wala si katikati ya mji. Mzee huyo ana habari gani za uhuru za kusimulia City Square? Naona tunatungiwa kisa ili tubishane kuhusu polisi.

Mwana wa Tororo: Sikusema bendera iliteremshwa pale. Mzee alikuwa Kololo kijana mdogo, akamwona kwa mbali Duke wa Kent, aliyemwakilisha Malkia wa Uingereza. Umati ulipotawanyika alishuka kwa miguu hadi mjini, akajilaza kwenye majani mbele ya Mahakama Kuu akisubiri treni ya kurudi Tororo, viatu vyake akiwa amevilalia ili visiibwe. Aliyelala kando yake, mtu asiyemjua, alimgawia nusu ya muhogo wa kuchoma, wakazungumza hadi kulipopambazuka nini kitafuata katika nchi hii. Kololo tulimpendekezea, akakataa, kwa kuwa kule alisimama nyuma ya watu na pale chini ndipo alipozungumza na mtu.

Msoma Historia: Nimeelewa, nami naondoa shaka yangu. Muulizeni Mzee huyo mwenzake alikuwa wa wapi, na muandike majibu yake.

Bi Mariamu: Na mwavuli msisahau, Oktoba ni mvua.

Mwana wa Tororo: Barua nitaipeleka. Bango litabaki ndani ya basi, lakini fulana tutazivaa, maana watoto wamekwisha kuzijaribu. Je, kipaza sauti nikitaje katika barua?

Wakili Kijana: Kitaje, pamoja na rangi ya fulana na saa mtakayoondoka. Nakala iliyogongwa mhuri uishike mkononi, usiiache ndani ya basi.