Mirathi ya mtoto wa nje ya ndoa: je, Mahakama ya Juu imevuka mpaka?

Mwana Kibokoni
Nduzangu, tulijadili hili bila matusi. Tarehe 30 Juni 2025 Mahakama ya Juu ya Kenya iliamua, katika kesi ya mirathi iliyotoka hapa hapa Mombasa, kwamba watoto waliozaliwa nje ya ndoa wana haki ya kumrithi baba yao Mwislamu. Mjane ndiye aliyeipandisha hadi huko, akashindwa.

Kwangu mimi majaji wamevuka mpaka. Kifungu cha 24(4) cha Katiba kinaruhusu masharti ya usawa yalegezwe ili sheria ya Kiislamu itumike kwa Kadhi katika ndoa, talaka na mirathi. Sheria ya Urithi nayo, kifungu cha 2(3), imewatoa Waislamu kwenye mgao wake. Na Kadhi hakuletwa na Katiba ya 2010. Alikuwemo kwenye makubaliano ya 1963, Mwambao ulipoingizwa Kenya.

Ila kelele zetu za kuupinga uamuzi huo nazo zina walakini. Fiqhi, yaani sheria ya Kiislamu kama walivyoifafanua wanazuoni, imemnyima mtoto huyu fungu la mirathi, haikumnyima mali. Baba akiwa hai anaweza kumpa hiba, yaani zawadi. Anaweza kumwandikia wasia hadi thuluthi ya mali yake, na kwa kuwa mtoto si mrithi, ile "hapana wasia kwa mrithi" haimgusi. Sasa niambieni, ni wangapi wetu wameandika? Mtu ana nyumba tatu Mji wa Kale na watoto wengine ng'ambo ya feri, karatasi hata moja hana.

Ustadh wa Majengo
Wasia sawa, hapo sina neno. Lakini hadithi iko wazi: mtoto ni wa kitanda, yaani wa ndoa. Jaji hatoi nasaba, ule ukoo wa mtoto kwa baba. Leo mirathi, kesho atatuambia na uwalii wa nikahi, nani amwozeshe binti.

Bi Wakili
Ustadh, kwa heshima zako. Mwana Kibokoni amekiruka kipande cha kifungu chenyewe. Usawa unalegezwa "kwa kiasi kinachohitajika kabisa" tu, tena mbele ya mahakama za Kadhi, kwa watu wa dini ya Kiislamu. Soma na kifungu cha 170(5) cha Katiba hiyo hiyo: Kadhi anasikiza shauri pale wahusika wote ni Waislamu na wamekubali kwenda kwake. Pwani hii mama wa watoto mara ngapi ni Mkristo? Huyo humlazimishi kuingia kwa Kadhi.

Na fiqhi yenyewe si kauli moja. Sisi wa Mwambao ni wa madhehebu ya Shafii, tunajua ya kwetu. Lakini Ibn Taymiyya, mwanachuoni wa zamani, alikubali mtoto ahusishwe na baba aliyemkiri, mradi mama hakuwa mke wa mtu.

Mama Likoni
Mimi sheria siijui. Mwanangu babake alimpeleka madrasa kwa mkono wake na karo akilipa. Siku ya hitima tukaambiwa hatujulikani. Mlijua kula sadaka zake tu?

Ustadh wa Majengo
Pole mamangu, hilo ni dhulma na hakuna kitabu kinacholitetea. Bi Wakili, kauli ya Ibn Taymiyya naijua. Ni ya wachache. Huwezi kuishika siku unayotaka nyumba, siku nyingine ukaiacha.

Mwana Kibokoni
Tazameni Indonesia, nchi ya Kishafii kama sisi. Mwaka 2012 baraza lao la maulamaa lilitoa fatwa: nasaba haiendi kwa baba, lakini serikali inaweza kumwadhibu baba huyo kwa kumlazimisha amtunze mtoto na ampatie mali baada ya kifo chake kupitia wasia wa lazima. Nasaba imebaki, mtoto hakulala njaa. Kwa nini wabunge wetu wa Pwani wasiupeleke mswada kama huo kwenye Sheria ya Mahakama za Kadhi? Ningeuunga mkono kesho. Kuandamana peke yake hakumpi mtoto chakula, wala hakumrudishii mjane fungu lake.

Bi Wakili
Thuluthi ya wasia tu, na wengine wanagawana mbili zilizobaki? Huo bado si usawa, ndugu yangu. Lakini kuliko sufuri, naam.

Kijana wa Bondeni
Mbona hamuulizi la ushahidi? Mzee kazikwa, mtu anatokea na mtoto. DNA ya nani?

Bi Wakili
Ndugu zake mzee au watoto wake wengine wanaweza kupimwa, ingawa si rahisi wala si bei ya mchezo. Cheti cha kuzaliwa kinasaidia: mwaka 2016 Mahakama Kuu ilikitupa kifungu kilichotaka baba aridhie kwanza ndipo jina lake liandikwe. Ila jina pekee halimalizi kesi, likipingwa utathibitisha. Na mkisikia familia imekwenda kortini kimya kimya kufungua mirathi, wekeni pingamizi mapema. Mkichelewa, bado mnaweza kuomba hati ya usimamizi wa mirathi ifutwe kwa kuwa mtoto alifichwa.

Mama Likoni
Chifu amekataa kumwandika mwanangu kwenye barua yake ya kuwataja warithi.

Bi Wakili
Barua ya chifu si hukumu, mama. Risiti za karo unazo?

Mama Likoni
Ninazo, na picha za Idi.