Mitindo mipya ya mapambo ya ndani katika nyumba ya mawe ya Bagamoyo: nianze na lipi?

Binti wa Dunda

Assalaam alaykum, ndugu zangu. Marehemu bibi yangu ameniachia nyumba katika Mji Mkongwe wa Bagamoyo, nyumba ya mawe ya matumbawe yenye kuta za unene wa kama nusu mita, dari ya boriti za mikoko, na sebule ndefu iliyo nyembamba. Nimeweka akiba ya kutengeneza sebule hiyo na chumba kimoja mwaka huu.

Vijana wa nyumbani wananishauri nishushe dari ya jipsamu yenye taa za kuzunguka, nipake kuta rangi ya kijivu, niweke marumaru nyeupe zinazong'aa na makochi makubwa ya velveti. Lakini kila nikitazama mapambo yanayotoka nje siku hizi naona mambo yanageuka: kijivu kinaachwa, rangi za udongo na kahawia zinarudi, kuta zinapakwa chokaa yenye mawingu hafifu badala ya kulainishwa kama kioo, na mazulia ni ya nyuzi za mimea. Hata kampuni ya Pantone, ambayo hutangaza rangi ya kila mwaka, ilichagua kahawia iitwayo Mocha Mousse kwa mwaka 2025 na nyeupe tulivu iitwayo Cloud Dancer kwa mwaka 2026.

Sitaki kumaliza akiba kwa mtindo utakaonichosha baada ya miaka 3. Naomba mwenye uzoefu na nyumba za pwani anieleze ni lipi kati ya hayo linafaa nyumba ya namna hii, na nianze na lipi. Niongeze kwamba ukuta wa upande wa barabara, ambao zamani ulipigwa lipu ya saruji, unamenyeka rangi hadi usawa wa kiuno kila baada ya masika.

Fundi wa Chokaa

Wa alaykum salaam, dada, na Mwenyezi Mungu amrehemu bibi. Nimefanya kazi ya chokaa katika nyumba za mawe kwa muda mrefu, na nakuomba usinunue hata kopo moja la rangi kabla ya kuushughulikia huo ukuta ulioutaja mwishoni. Jiwe la tumbawe lina vitundu vingi, hunyonya maji ya ardhini pamoja na chumvi, na wazee walilijengea kwa chokaa kwa sababu chokaa nayo huruhusu mvuke kupita, kwa hiyo unyevu ulioingia ulitoka wenyewe kwa upepo. Lipu ya saruji imeziba njia hiyo. Maji yanapanda juu zaidi yakitafuta pa kutokea, chumvi inaganda nyuma ya rangi na kuisukuma, na wewe unaona magamba. Ukipaka kijivu kitamenyeka, na ukipaka hiyo kahawia ya 2025 nayo itamenyeka vilevile.

Bandua saruji hadi kama nusu mita juu ya pale alama ya unyevu inapoishia, safisha viungo vya mawe, ondoa chumvi kwa brashi kavu bila kumwaga maji, kisha uache ukuta ukauke miezi kadhaa. Baada ya hapo piga lipu ya chokaa na mchanga safi usiotoka baharini, kwa matabaka ya kama sentimita 1, kila tabaka lishike kwanza ndipo lingine lifuate. Chokaa haikauki tu kama udongo, bali hurudi kuwa jiwe kwa kufyonza kaboni dayoksaidi ya hewani, na kazi hiyo haitaki haraka wala jua kali, ndiyo maana sisi hutundika magunia yaliyoloweshwa mbele ya ukuta. Rangi yenyewe iwe chokaa iliyozimuliwa hadi kufanana na maziwa, ipakwe mikono 5 au 6, yaani matabaka. Ukitaka rangi ya udongo, changanya unga wa udongo mwekundu uliochekechwa vizuri, usizidi sehemu 1 kwa 10 ya uzito wa chokaa, la sivyo utaacha vumbi kwenye nguo za wageni. Yale mawingu unayoyaona kwenye picha hutokea yenyewe kwa njia hiyo, bila ufundi wa ziada. Fundi avae miwani, kwa kuwa chokaa mbichi huunguza macho.

Dari ya bibi iache. Sebule yako ni nyembamba kwa sababu upana wake ulifuata urefu wa boriti, na ni ya juu ili hewa ya moto ipande mbali na vichwa vya watu. Jipsamu itaishusha hewa hiyo, itaficha mchwa wanapoanza kula boriti, na yenyewe hulegea ikipata unyevu. Nyumba ikiwa ndani ya eneo la hifadhi, pita kwanza kwa wahusika wa Mambo ya Kale kabla ya kugusa mlango au uso wa nyumba.

Mama wa Pongwe

Mwanangu, mimi niko Tanga na nitasema juu ya zulia tu. Mkonge uliletwa kwetu mwaka 1893 na Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo Mjerumani, na inaelezwa kuwa kati ya miche 1,000 ni 62 tu iliyofika hai, ndiyo iliyozaa mashamba yote haya tuliyokulia pembeni yake. Inaniuma kuona nyuzi hizi zinasafirishwa, halafu sisi tunanunua mazulia ya plastiki. Zulia la mkonge ni gumu, halichakai upesi, na rangi yake ya asili inapatana na ukuta wa chokaa bila kutafutiwa rangi ya kuliokoa. Lakini lina masharti: halipendi maji, likimwagikiwa chai doa halitoki kirahisi, na watoto wanaotambaa litawakwaruza magoti. Liweke katikati ya sebule, mbali na mlango wa uwani. Pale wanapokaa watoto tandika mkeka wa ukindu, ulioshonwa kwa ukili wa rangi mbili au tatu. Huo unafutwa, unaanikwa, na unakunjwa wageni wakizidi.

Mkaazi wa Raskazone

Kwa heshima zote kwa fundi, jipsamu si kosa kila mahali. Nyumba yangu ni ya matofali ya saruji chini ya bati, na dari hiyo ilinipunguzia joto na kelele za mvua. Kwa nyumba ya Bagamoyo nakubali kwamba iachwe. Jambo ambalo halijatajwa ni taa. Watu wengi hununua balbu nyeupe za kelvini 6500 (kipimo cha rangi ya mwanga, namba ikiwa ndogo mwanga huwa wa manjano zaidi), kisha wanashangaa kwa nini rangi ya udongo inaonekana ya kijivu usiku. Tafuta zilizoandikwa 2700 au 3000, uweke taa ndogo ndani ya zidaka, vile vishimo vya ukutani vya kuwekea vitu, ikiwa bibi hakuziziba, nawe hutahitaji taa za kuzunguka dari. Makochi makubwa ya kona pia yatakufungia njia katika sebule nyembamba. Viti vya chini vyenye mito, vikipangwa kufuata ukuta mrefu, vitakaa vizuri zaidi.

Binti wa Dunda

Nawashukuru sana. Leo nimegonga ukuta kwa kifundo cha kidole kama nilivyoona mafundi wakifanya, na sehemu kubwa ya chini inalia kama debe tupu. Zidaka zipo 4, na 2 zimezibwa kwa saruji hiyohiyo. Makochi na zulia nimeviahirisha. Fundi, nikianza kubandua mwezi Juni nitawahi?

Fundi wa Chokaa

Inayolia hivyo imekwisha kuachana na jiwe, itatoka kwa patasi na nyundo ndogo. Usiruhusu mtu alete nyundo kubwa, tumbawe litapasuka. Anza Juni mvua zikishatulia, ukuta ukauke Julai na Agosti, lipu iingie Septemba kabla ya vuli. Zile zidaka 2 zifunguliwe siku ya kwanza, kwa sababu huko ndani ndiko unyevu mwingi utakuwa umejificha.