Mliosafiri bahari kuu, ndege gani hamtamsahau? Tupeane uzoefu

Baharia wa Amu: Leo shakwe katua jeti ya Shela nikakumbuka safari ya Durban kwenda Australia. Siku nne maji matupu, na nyuma ya meli albatrosi mmoja. Mabawa yakinyooshwa yapita mita tatu, wala hayapigi. Anajilaza na upepo, apanda, ashuka. Nikitoka zamu silali, naenda tezi kumtazama. Nanyi je?

Mpwani: Kweli ndugu yangu. Akikupita karibu wajiona mdogo.

Jodari Mld: Mimi niko hai kwa sababu ya ndege. Agosti, kusi limechacha, mashine ikazima nje ya Malindi. Tuko watano, simu haishiki, mkondo watubeba kaskazini usiku na mchana. Siku ya tatu maji yamebaki nusu dumu, mwenzetu mmoja azungumza na marehemu mamake. Alfajiri wakaja membe weupe, vifua vina rangi ya waridi. Kijana wetu akasema tuwafuate. Nahodha, mzee wa Faza, akamwambia, "Tulia. Mdomo mtupu yuatafuta. Aliyebeba samaki asimle, ampelekea mwanawe." Tukakaa kuhesabu. Kila mwenye samaki alielekea machweo. Tukafunga turubai kwenye upondo, tukashika njia hiyo. Saa kumi jioni, visiwa vya Kiunga! Kelele za membe, humsikii mwenzio. Tangu hapo sili mayai yao.

Kobe Mkongwe: Malindi mpaka Kiunga siku tatu bila mashine? Punguza chumvi.

Baharia wa Amu: Ami, mkondo wa kusi huujui? Ushavuka Ras Ngomeni wewe?

Kobe Mkongwe: Kabla hujazaliwa. Na wale membe wa mgongo mweusi? Hukaa hewani miaka bila kukanyaga nchi. Wafuateni mfike Shelisheli!

Jodari Mld: Nimeandika weupe, mzee. Vaa miwani.

Bi Mokowe: Mayai hayo tumekula sana utotoni, Mungu atusamehe.

Mpwani: Dawa ni redio na mashine ya akiba.

Mvuvi Mstaafu: Dawa ni kutokwenda. Na nyinyi wa meli za mishipi mirefu, tegeni usiku. Albatrosi hurukia chambo, ndoana ikamzamisha. Nimewavuta wengi wamekufa, sikupenda.

Bi Mokowe: Jodari, yule aliyezungumza na mamake?

Jodari Mld: Yupo, auza madafu. Hata feri ya Mokowe hapandi.