Mkate mweupe unaumuka vizuri, ukitoka oveni umebonyea katikati

Muulizaji
Habari zenu wadau. Vipimo vyangu: unga wa ngano vikombe 4, maji ya uvuguvugu kikombe 1 na nusu, hamira kavu kijiko kikubwa 1, sukari vijiko vikubwa 2, chumvi kijiko cha chai 1, mafuta vijiko vikubwa 2. Nakanda dakika 5, nafunika saa 1, natia kwenye bati, naacha tena saa 1 na nusu. Unapanda mpaka unavuka bati. Ndani ya oveni unanywea, na nikiukata ungali wa moto, chini kuna tabaka zito linalonata kwenye kisu. Niongeze hamira?

Chachu
Usiongeze, punguza. Kwa gramu 500 za unga, hamira gramu 5 mpaka 7 zinatosha. Kijiko kikubwa kilichojaa ni karibu gramu 10.

Donge lako limepitiliza ndani ya bati. Mkate ukiingia kwenye joto, gesi inatanuka na hamira inasukuma kwa mara ya mwisho, kisha inakufa kwenye nyuzi 60 hivi. Kama kuta za vile vitundu zimeshavutika hadi mwisho, zinapasuka kabla wanga haujashika, na mkate unakaa chini.

Umuko wa pili usiupime kwa saa. Paka unga kwenye ncha ya kidole, bonyeza ubavu wa donge kama sentimita 1. Shimo likirudi upesi, bado. Likirudi polepole na kuacha alama ndogo, tia oveni. Lisiporudi kabisa umechelewa: toa donge, litoe gesi, liviringishe upya na uliache liumuke tena. Safari hii litawahi, kwa hiyo usiende mbali.

Mizani
Hapo kwenye vikombe ndipo penye utata. Unga uliomiminwa kwa kijiko hutoa gramu 120 kwa kikombe, ukichotwa kwa kukandamizwa unafika 150. Vikombe 4 vinaweza kuwa gramu 480 au 600 kwa maji yaleyale: leo donge laini, kesho jiwe. Pima kwa gramu: unga 500, maji 320, chumvi 10, sukari 15, mafuta 25, hamira 6. Bati la sentimita 23 kwa 13.

Na dakika 5 za kukanda kwa mkono hazitoshi. Weka 10 hadi 12. Kata kipande cha donge, kivute taratibu kwa vidole vya mikono miwili dhidi ya taa. Kikiwa utando mwembamba unaopitisha mwanga bila kuchanika, glutini (protini ya ngano inayoshikilia gesi) imeshika. Kikikatika kama karatasi iliyolowa, endelea. Donge likinata mwanzoni usikimbilie kunyunyiza unga. Liache dakika 15 likiwa limefunikwa, litatulia lenyewe.

Muulizaji
Nimeelewa, asanteni. Na lile tabaka la chini?

Chachu
Sehemu yake ni huko kunywea: kilichoshuka kinajibana chini.

Ganda
Nyingine ni joto na haraka ya kisu. Washa oveni mapema, ifike nyuzi 200 kabla bati halijaingia, uweke kwenye ngazi ya chini ya katikati. Dakika 30 mpaka 35. Ukiwa na kipimajoto, katikati ya mkate pasome 93 au zaidi. Kama huna, toa mkate kwenye bati na ugonge chini yake: mlio uwe wa kitu kitupu. Ukilia kizito, urudishe oveni bila bati dakika 5.

Kisha utoe kwenye bati, uweke juu ya wavu wa waya papo hapo. Ukibaki ndani ya bati, mvuke unageuka maji na kulowesha kitako. Usiukate kabla ya saa 1. Ndani wanga bado unashika, na kisu kinaukandamiza unyevu uwe lile tabaka linalonata unaloliona. Najua harufu yake ilivyo, lakini vumilia.

Mizani
Nyongeza kwa umuko wa kwanza: finyanga kipande kidogo cha donge ndani ya glasi iliyonyooka, funga mpira wa bendi pale kinapofika, uifunike na kuiweka kando ya bakuli. Kimo kikifika mara mbili ya alama, na bakuli limefika. Chumba kikiwa na joto la nyuzi 30 huenda ikawa dakika 45 tu.