Naomba ushauri: kikundi chetu cha kuandika programu kimegeuka baraza la mazungumzo

Tarakimu (mleta mada)

Ndugu wanajukwaa,

Naomba mawazo yenu juu ya jambo linaloonekana dogo lakini linaelekea kuvunja kikundi ambacho nisingependa kivunjike. Tuko marafiki watano tunaokutana jioni moja kila wiki, kila mtu na kompyuta mpakato yake, kwa nia ya kushughulikia miradi yetu binafsi ya programu. Hatuna mteja, hatulipwi, wala hakuna anayetusimamia. Mmoja anatengeneza mchezo wa kompyuta, mwingine programu ya kutunza kumbukumbu za vitabu vyake, wa tatu ndiyo kwanza anajifunza lugha ya programu iitwayo Python, wa nne anahangaika na programu ya kutafsiri lugha ndogo ya kompyuta aliyoibuni mwenyewe, nami naandika programu ya kupanga picha kwa kufuata tarehe zilipopigwa.

Mwanzoni kazi ilikwenda vizuri sana. Siku hizi tunaanza kwa mazungumzo yasiyokwisha, na mara nyingi yanaishia kwenye ubishi wa lugha ipi ya programu ni bora kuliko nyingine. Yule wa lugha ndogo, ambaye ndiye mwenye uzoefu kutuzidi sote, humaliza jioni nzima akiwa amekaa pembeni ya mwanafunzi wa Python, na karibuni ameanza kutoa udhuru wa kutokuja. Sasa yule wa mchezo amependekeza kwamba kila mtu aweke mradi wake kando, tushike mradi mmoja wa pamoja, ili tuwe na sababu ya kuwajibishana.

Je, tuunganishe miradi? Na tukikataa, tumlindeje mwenye uzoefu bila kumtelekeza anayejifunza?

Mzee Kibodi

Ndugu Tarakimu, kwa swali la kwanza jibu langu ni hapana, na nitaeleza kwa nini.

Mradi wa pamoja hubadilisha uhusiano wenu. Leo mkiwa watano na miradi mitano, kila mtu anaamua peke yake, na akikosa kuja wiki moja hakuna kazi ya mwenzake inayosimama. Mkishika mradi mmoja, kuna njia kumi za mawasiliano kati ya mtu na mtu ambazo lazima zishughulikiwe, na ndani ya saa chache za wiki mtatumia sehemu kubwa ya muda mkikubaliana badala ya kuandika. Frederick Brooks, aliyesimamia utengenezaji wa mfumo endeshi (programu kuu inayoendesha kompyuta) wa OS/360 pale kampuni ya kompyuta ya IBM, alieleza mwaka 1975 kwamba kuongeza watu katika mradi wa programu uliochelewa huuchelewesha zaidi, na sababu mojawapo aliyoitoa ni hiyo hiyo ya mawasiliano. Yeye alikuwa akizungumzia watu walioajiriwa kwa kazi hiyo. Ninyi mnakutana baada ya kazi, mmechoka.

Tena mradi binafsi una faida ambayo hutajwa mara chache: unaweza kuuacha bila kumwudhi mtu, na kwa hiyo unaweza kujaribu jambo ambalo hakuna kamati ingelipitisha. Guido van Rossum alianza kuandika Python Desemba 1989 kama kazi ya kujishughulisha wakati wa likizo. Linus Torvalds, alipotangaza mfumo endeshi wa Linux Agosti 1991 akiwa mwanafunzi huko Helsinki, alisema ni jambo la kujifurahisha tu ambalo halitakuwa kubwa. Sisemi kwamba programu yako ya picha itafika huko. Ninachosema ni kwamba kazi za namna hiyo zilianza na mtu mmoja aliyekuwa na hamu yake, na watu wengine walijiunga baadaye kwa sababu tayari kulikuwa na kitu cha kujiunga nacho.

Kipanga

Mzee Kibodi, shikamoo. Nakubaliana nawe kuhusu kutounganisha miradi, ila nadhani umempita kidogo yule rafiki wa mchezo. Nikimsoma vizuri, hatafuti mradi wa pamoja hasa. Anatafuta mtu wa kumwuliza, "Umefikia wapi?" Hilo mnaweza kumpa bila kugusa miradi yenu.

Kuna mfano wa zamani unaofaa kutazamwa. Machi 1975, wapenzi wa kompyuta walikutana kwa mara ya kwanza katika gereji moja huko Menlo Park, California, na kikundi chao kikaja kuitwa Homebrew Computer Club. Hapo ndipo Steve Wozniak alipowaonyesha wenzake mashine aliyoibuni, ambayo ikawa kompyuta ya kwanza ya Apple. Watu hukumbuka hilo tu, lakini mimi huvutiwa zaidi na mpangilio wa mikutano yao. Chini ya uongozi wa Lee Felsenstein, kulikuwa na kipindi ambacho mtu alisimama mbele ya wote akasema anashughulikia nini, ana nini cha kutoa na anahitaji nini. Kilipokwisha, kilifuata kipindi huria ambapo kila mtu alimtafuta yule aliyemsikia akitaja jambo linalomhusu. Mazungumzo hayakukatazwa, ila yalipewa mahali pake.

Kwa hiyo fungueni jioni kwa kila mtu kutaja, kwa sentensi moja au mbili, kipande kidogo anachotaka kikamilike usiku huo. Asiseme "nitaendelea na mchezo", kwa kuwa hilo halipimiki; aseme "mhusika akigonga ukuta, asimame badala ya kupenya." Kisha ukimya. Mwishoni kila mtu aonyeshe kwenye skrini kilichotokea, hata kama kilichotokea ni ujumbe wa hitilafu. Atakayemaliza jioni akibishana juu ya lugha za programu atakuwa na skrini tupu mbele ya marafiki zake, nanyi hamtahitaji kanuni ya kumkemea.

Bi Mstari

Mimi nitajibu swali la pili, kwa sababu naona ndilo litakaloamua kama kikundi kitadumu.

Anayejifunza hana kosa, na anayemsaidia hana kosa. Kasoro ni kwamba msaada hauna mipaka ya wakati, kwa hiyo unakula jioni yote. Wekeni utaratibu kwamba mtu akikwama ajaribu mwenyewe kwa dakika kama 20, na ndani ya dakika hizo aandike kwenye karatasi au faili mambo matatu: alitarajia nini, kilitokea nini, na ujumbe wa hitilafu unasemaje neno kwa neno, si kwa muhtasari. Maswali yakusanywe hadi wakati wa mapumziko. Mtashangaa jinsi mengi yatakavyokufa kabla ya kufika huko, maana anayelazimika kulieleza tatizo kwa utaratibu mara nyingi huliona kosa lake katikati ya maelezo. Waandishi wa programu wana desturi ya kuweka bata wa mpira mezani na kumweleza msimbo, yaani maandishi ya programu, mstari kwa mstari kwa sababu hiyo hiyo. Bata hajui Python, lakini hajawahi kumkatisha mtu maneno.

Wakati wa kusaidia ukifika, kibodi ibaki mikononi mwa anayejifunza. Mzoefu akiishika, tatizo litatatuliwa kwa sekunde chache, na wiki ijayo litarudi likiwa na jina jingine. Vilevile kazi ya kusakinisha programu na kutayarisha mazingira isifanyike jioni ya pamoja. Hiyo inaweza kumeza saa mbili bila mtu kujifunza chochote, kwa hiyo mzoefu akubaliane na mwanafunzi siku nyingine, mara moja, waimalize.

Jambo la mwisho ni lugha mnayotumia mnaposaidiana. Recurse Center, kituo cha New York ambako watu huenda kwa wiki kadhaa kuandika programu wanazojichagulia wenyewe, kina kanuni chache za namna ya kukaa pamoja. Mojawapo ni kutojifanya umeshangaa mtu anaposema hajui jambo fulani. Nyingine ni kutodakia, kutoka upande wa pili wa chumba, mazungumzo ya kiufundi usiyoshiriki. Hiyo ya pili, katika chumba chenye marafiki watano waliozoeana, ndiyo ngumu zaidi kuifuata.

Shina la Mti

Mmemwuliza huyo mzoefu mwenyewe, au mnakisia tu?

Tarakimu (mleta mada)

Nawashukuru nyote. Shina la Mti, swali lako lilikuwa la haki, na nilimpigia simu. Anasema hachukii kusaidia. Kinachomkera ni kwamba amesahau hata alipoishia katika programu yake, na kila anapoifungua anahitaji karibu saa nzima kuielewa upya. Nilipomsikiliza niligundua kwamba hata mimi nina tatizo hilo, ingawa hakuna anayenisumbua.

Naomba basi niongeze swali. Kipindi cha ukimya kiwe cha urefu gani? Mmoja wetu anapendekeza dakika 25 za kazi na tano za mapumziko.

Mzee Kibodi

Utaratibu wa dakika 25 ni wa Francesco Cirillo, aliyeubuni mwishoni mwa miaka ya 1980 akiwa mwanafunzi wa chuo kikuu, kwa kutumia saa ya jikoni. Kwa kusoma unafaa. Kwa kuandika programu naona ni mfupi, hasa kwa yule wa lugha ndogo, kwa kuwa dakika kumi za kwanza huenda katika kukumbuka sehemu gani ya msimbo inaita sehemu gani. Jaribuni vipindi viwili vya takriban dakika 50, na katikati yake mapumziko ya kutosha kujibu maswali aliyoyaeleza Bi Mstari.

Ila suala la usahaulifu ndilo lililonifanya nirudi, maana huo ndio ugonjwa wa miradi inayoguswa mara moja kwa wiki, na urefu wa vipindi hautautibu. Tiba iko katika dakika kumi za mwisho za jioni. Kwanza, kila mtu ahifadhi mabadiliko yake katika Git, programu ya kutunza historia ya mabadiliko ya msimbo, pamoja na maelezo yanayosema kwa nini amebadilisha. Alichobadilisha kitaonekana chenyewe kwenye msimbo, lakini sababu haionekani popote. Pili, katika folda ya mradi kuwe na faili moja ya maandishi ya kawaida ambamo unaandika hatua inayofuata kwa maneno ambayo mtu mwingine angeweza kuyafuata: fungua faili hii, tazama sehemu hii, sababu ya kushindwa inaelekea kuwa hii.

Tatu, na hii wengi huiona ya ajabu, usimalize kila kitu. Andika jaribio dogo, yaani msimbo mfupi wa kupima kama sehemu unayokusudia kuijenga wiki ijayo inafanya kazi, liendeshe, liache likiwa limeshindwa, kisha funga kompyuta. Utakaporudi, endesha majaribio yote. Lile lililoshindwa litakuonyesha pa kuanzia kabla hujapata nafasi ya kuanza kuzungumza.

Kipanga

Naongezea kuhusu ubishi wa lugha za programu. C. Northcote Parkinson alieleza mwaka 1957 habari ya kamati iliyopitisha mtambo wa nyuklia haraka haraka, kisha ikajadili kwa muda mrefu banda la baiskeli, kwa kuwa banda kila mjumbe alilielewa. Mwaka 1999 Poul-Henning Kamp aliutumia mfano huo kuwakumbusha watengenezaji wa mfumo endeshi wa FreeBSD juu ya mijadala yao, na tangu hapo waandishi wa programu wanaujua. Ubishi wenu ni banda hilo. Upelekeni kwenye kipindi huria cha mwisho, nao utajipunguza wenyewe.

Bi Mstari

Kabla uzi haujafungwa: msimbo usio na leseni, hata ukiwekwa hadharani, kwa kawaida haki zake zote hubaki kwa mwandishi. Kama mnapeana vipande vya msimbo, kila mradi uwe na faili ya leseni, iwe MIT kwa anayetaka masharti machache, au GPL kwa anayetaka anayesambaza programu iliyotokana na yake atoe na msimbo wake kwa masharti yale yale. Na kila mmoja asome mkataba wake wa ajira, kwani ipo mikataba inayompa mwajiri haki juu ya kazi iliyofanywa kwa vifaa vyake.

Tarakimu (mleta mada)

Mrejesho: tumekaa na kuzungumza. Miradi inabaki mitano. Tunafungua kwa kutaja vipande vyetu, tunafanya vipindi viwili vya ukimya, maswali yanakwenda kwenye mapumziko, na tunafunga kwa maonyesho na faili ya hatua inayofuata. Rafiki wa mchezo hakuridhika kabisa. Tumekubaliana kwamba jioni moja katika mwezi atakuwa na ruhusa ya kutuomba sote tuujaribu mchezo wake na kumwandikia hitilafu tunazoziona, na hilo amelipokea kwa furaha kuliko nilivyotarajia. Mzoefu amesema atakuja wiki ijayo, kwa sharti kwamba asiulizwe chochote katika kipindi cha kwanza.

Suala la leseni na mikataba hatujaligusa. Bi Mstari, nitalipeleka mbele ya wenzangu tutakapokutana tena, kwa kuwa wawili kati yetu huja na kompyuta walizopewa kazini.