Kwenda kuona nyumba inayouzwa wakati wenyewe bado wanaishi: mipaka ya mnunuzi ni ipi?

MnunuziMpya
Habari zenu wakuu. Jumamosi tunaenda kuona nyumba inayouzwa, ya vyumba vitatu, na wenyewe bado wamo ndani. Nataka kuikagua kweli, lakini sitaki kuingia kwa watu kama askari wa upekuzi. Naruhusiwa kufungua nini? Naweza kujaribu maji na umeme? Bei tuizungumze hapo hapo? Na watoto, twende nao?

DalaliMkongwe
Mtoa mada, adabu inaanzia kwenye simu ya kupanga miadi, siyo mlangoni. Siku moja kabla, mwambie dalali mtakuwa wangapi, mtakaa muda gani na mnataka kugusa nini: mabomba, hita, dari, kupiga picha. Mwenye nyumba akijua mapema atatoa vitu vilivyojaa chini ya sinki, atamfunga mbwa na atatafuta ufunguo wa stoo. Akishtukizwa, jibu lake la kwanza huwa hapana, na nyinyi mnaondoka mmeona nusu ya nyumba. Kwa vyumba vitatu, dakika 30 hadi 40 zinatosha mara ya kwanza. Ukaguzi mrefu uwe wa mara ya pili, mkishajua mnaitaka.

Fikeni saa ile ile mliyopanga. Kuwahi kwa dakika 20 nako ni usumbufu, watu bado wanafagia. Waje wanaoamua tu, wawili au watatu. Ndugu wengine wana siku yao. Watoto ni heri wabaki, na ikishindikana, mtu mzima mmoja awe na kazi hiyo tu ya kuwashika mkono.

Bei msiiguse ndani ya nyumba. Kama kuna dalali, mwenye nyumba amemkabidhi yeye mazungumzo hayo. Pia nyumba nyingi siku hizi zina kamera au kengele ya mlangoni inayonasa sauti: ukimnong'oneza mwenzio kwamba hii unaichukua hata kwa bei yake, umeshauza nguvu yako ya kupatana. Na ukiponda rangi ya sebule, mtu aliyeichagua anakusikia. Maoni yote yasubiri mpaka mtoke getini. Msitoe pesa yoyote siku hiyo, hata ile ya "kushikilia nyumba", kabla ya kuhakiki nyaraka za umiliki.

FundiMajengo
Kuhusu kufungua, jiulize: hiki kinabaki na nyumba au kinaondoka na mwenyewe? Kabati la ukutani, kabati la chini ya sinki, stoo na kisanduku cha umeme vinabaki, kwa hiyo omba ruhusa kisha fungua. Droo ya kando ya kitanda, kabati la nguo la kusimama, friji, kabati la dawa bafuni: hivyo havikuhusu. Kabati la ukutani litakuwa na nguo za watu, lakini unachotafuta ni ukuta wa nyuma na kona ya chini. Mulika tochi, sekunde 10, funga.

Maji ndiyo yanayokosewa zaidi. Nenda bafu lililo mbali zaidi na tangi au lililo ghorofa ya juu, fungua koki ya sinki na shawa kwa pamoja, halafu vuta maji ya choo. Mkondo ukidhoofika sana, ama mabomba ni membamba au yameziba, ama presha yenyewe ni ndogo. Chungulia chini ya sinki maji yakiwa bado yanatoka, kwa sababu bomba la maji machafu haliwezi kuonyesha uvujaji koki ikiwa imefungwa. Dakika moja au mbili zinatosha, usimmalizie mwenzio akiba ya tangi. Ukifunga usikaze kwa nguvu: koki za zamani zina washa za mpira, zikikatika zitaanza kudondosha na lawama itakuwa yako. Hita ya tangi omba iwashwe angalau nusu saa kabla hamjafika. Kugusa maji baada ya dakika tatu na kusema hita ni mbovu ni kumwonea mtu.

Taa washa chumba kwa chumba, kisha ziache ulivyozikuta. Kisanduku cha umeme fungua kifuniko cha nje tu, tazama alama za kuungua. Usizime swichi kuu wala kubonyeza kitufe cha majaribio bila mwenyewe kukubali. Huenda kuna mtu anafanya kazi kwenye kompyuta, au mgonjwa anayetegemea mashine.

Unyevu unaopanda kutoka ardhini kwa kawaida hauvuki mita moja na nusu hivi. Doa likiwa juu zaidi, tafuta bomba au paa. Gusa kwa kiganja, usikwangue rangi kwa ufunguo. Ukuta mmoja ukiwa na rangi mpya peke yake, uliza "ulipakwa lini?", siyo "mnaficha nini?". Fanicha iliyoegemezwa hapo asogeze mwenyewe. Ufa usiofika milimita 1 mara nyingi ni wa lipu tu. Unaofika milimita 5, au unaopanda kama ngazi kufuata viungo vya matofali, andika ulipo na urudi na mhandisi. Usibishane na mwenye nyumba kuhusu msingi, hata kama unaona uko sahihi.

MnunuziMpya
Asanteni sana wakuu. Na picha je? Na mwenyewe akitufuata kila chumba?

Mama Ramani
Picha omba mara moja, mkiingia, na useme ni za kukumbuka vipimo. Piga ukuta, dari na madirisha. Sura za familia, karatasi za mezani na funguo zilizotundikwa zisitokee. Usizitupie mitandaoni, maana unamwonyesha mwizi njia. Ukinyimwa, chukua futi kamba: upana wa mlango mwembamba kuliko yote, kona ya ngazi na nafasi ya friji ndivyo vinavyoamua kama vitu vyako vitaingia.

Mwenyewe akiwafuata, mwacheni. Chumba cha kulala aingie yeye kwanza. Mkikuta mpangaji badala ya mwenye nyumba, msimuulize bei. Muulizeni maji hukatika mara ngapi, kama hana shida kujibu. Na mkiona viatu mlangoni, vueni bila kusubiri kuambiwa.

FundiMajengo
Naongezea la dari. Baki kwenye ngazi, toa kichwa na tochi tu. Ubao wa jipsamu haubebi uzito wa mtu, na anayekanyaga kati ya mbao za kenchi anatokea sebuleni. Tafuta mwanga unaopenya kwenye paa na madoa meusi kuzunguka misumari.

DalaliMkongwe
Mkishatoka, mpeni dalali jibu ndani ya siku moja, hata kama ni hapana, pamoja na sababu halisi. Mwenye nyumba huwa anaahirisha wateja wengine akiwasubiri nyinyi.